Amini Masikio Yako, Lakini Fumba Macho Kwanza

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na sababu si uvivu. Kwanza kazi ya mteja ilichelewa, halafu kanisa letu, lililo nje kidogo ya mji wa Kakamega, likaniweka kwenye kamati ya kununua spika. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini ukishasomea kompyuta chuo kikuu, kwa watu wa kwenu wewe ni fundi wa kila kitu chenye waya: redio, simu, hata pasi ya umeme. Huwezi kukataa.

Basi leo tuzungumze kuhusu spika, hasa namna tunavyozilinganisha dukani. Nitasema maoni yangu mapema ili asiye na muda aende zake: mtihani wa spika tunaofanyiwa madukani ni mtihani ambao majibu yake yameshaandikwa. Spika ghali itashinda, hata siku ambayo si bora. Ukitaka ukweli ni lazima ufanye mambo matatu: usawazishe ukubwa wa sauti, ufiche spika machoni, na uulize swali linalohusu kazi utakayoipa hiyo spika.

Nani atanipa kisogo akisema hilo ni jambo dogo? Ngoja nikueleze pesa zilivyopatikana.

Pesa za kuku

Tulifanya harambee. Walioko Magharibi wanajua mambo yetu: kuku hupigwa mnada, anayemnunua humrudisha mezani, kuku yule yule anauzwa tena. Kuku mmoja siku hiyo aliuzwa mara tatu. Kina mama waliuza ndizi na mboga wiki nzima ili watoe. Mwisho wa hesabu tukawa na shilingi 300,000. Kwa kampuni kubwa hizo ni pesa za chai. Kwetu ni pesa ambazo ukizipoteza, utakutana kila Jumapili na macho ya waliozitoa.

Na shida ya kanisa ilikuwa moja tu: walioketi nyuma hawasikii maneno. Wanasikia kwamba mtu anaongea, lakini hawajui anasema nini. Kukhu mmoja anayeketi mwisho kabisa karibu na mlango alituambia kwamba matangazo huwa anayapata kesho yake, sokoni.

Kamati ilikuwa ya watu wanne: Mwalimu, mzee aliyestaafu ualimu na sasa ni mwenyekiti, Mama mweka hazina, kiongozi wa kwaya, na mimi. Tukaingia mjini siku ya Jumanne, tukaenda kwenye duka moja lenye vyombo vya hali ya juu. Simaanishi zile wufa za sebuleni zilizoandikwa kwenye boksi wati 10,000. (Kwa njia, fanya hesabu: soketi ya ampea 13 kwenye umeme wetu wa volti 240 haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,120. Hizo nyingine zinatoka wapi? Zinatoka kwa aliyechapisha boksi.) Hizi zilikuwa spika za kweli, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi.

Kura ya kwanza: 4 kwa 0

Muuzaji, kijana mkarimu sana, alitupa viti na soda. Alikuwa na jozi mbili ambazo pesa zetu zingeweza kuzifikia. Nitaziita A na B. A ilikuwa 165,000, ya wastani, haina makuu. B ilikuwa 290,000, ndefu kama mtoto wa darasa la nne, ina koni ya inchi 15 na wavu mzuri mbele. Zote ziliunganishwa kwenye amplifaya moja yenye swichi ya kuchagua.

Akaweka wimbo wake, ule wenye besi unaokupiga kifuani. Kwanza A. Tukatikisa vichwa, si mbaya. Halafu akabonyeza swichi. B! Kiongozi wa kwaya aliinuka kwenye kiti. Mama akasema, "Eh, hii ndiyo." Mwalimu akasema hiyo ni sauti ya kanisa. Na mimi, mtaalamu wenu mwenye digrii, nilikuwa nimeshaanza kujibembeleza moyoni kwamba tofauti ya 125,000 si kitu ukigawanya kwa miaka kumi. Kura zikawa nne kwa sifuri.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Kazini, mtu akiniambia programu yake ina kasi kuliko yangu, swali langu la kwanza ni: umezipima kwenye mashine moja? Ukipima yako kwenye laptopu mpya na yangu kwenye kompyuta ya mwaka 2009, hujapima programu, umepima kompyuta. Nikajiuliza, hapa tumepima nini?

Nikatoa simu, nikafungua programu ya kupima ukubwa wa sauti. Programu hizo si sahihi sana kwa vipimo kamili, lakini kwa kulinganisha vitu viwili, simu ile ile ikiwa mahali pale pale, zinatosha. Nikaomba tucheze kelele sawa, ile inayosikika kama mvua juu ya mabati. Jibu: B ilikuwa juu kwa desibeli 4.

Desibeli 4 ni nini?

Kila spika ina kitu kinachoitwa usikivu: ukiipa wati moja na kusimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Moja inaweza kutoa 88, nyingine 92. Hilo halisemi lolote kuhusu ubora. Lakini ukiziunganisha kwenye amplifaya moja bila kugusa kidude cha sauti, ya pili itakuwa juu kwa desibeli 4, sawasawa na kuiongezea nguvu ya umeme mara mbili na nusu.

Na sikio letu hudanganyika hapo. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini sikio haliisikii besi vizuri, na kadiri unavyoongeza, besi inajitokeza. Kwa hiyo spika yenye sauti kubwa kidogo haisikiki tu kuwa na nguvu, inasikika kuwa nene, iliyojaa, yenye uhai. Tofauti ikiwa ndogo kabisa, chini ya desibeli moja, mtu hasemi "hii iko juu". Husema "hii ni safi zaidi".

Sisemi kijana yule alitaka kutuibia. Alifanya kama alivyoonyeshwa kazini: bonyeza swichi, tabasamu. Lakini swichi ile haikulinganisha spika na spika. Ililinganisha sauti ndogo na sauti kubwa, na bei ndogo na bei kubwa, huku sisi tukiangalia.

Macho nayo husikia

Hilo la kuangalia ni kubwa kuliko unavyodhani. Floyd Toole alianza kuchunguza spika kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada miaka ya 1960, kisha akahamia kampuni ya Harman mwaka 1991. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive walichapisha jaribio ambalo kila mnunuzi anafaa kulijua. Walichukua wasikilizaji 40, wafanyakazi wa kampuni yenyewe, na spika nne. Mara ya kwanza wasikilizaji waliziona, mara ya pili zilifichwa nyuma ya pazia.

Walipoziona, spika kubwa na za gharama zilipata maksi nyingi, na ile ndogo ya bei rahisi ikaanguka. Zilipofichwa, tofauti zikapungua sana na ile ndogo ikapanda. Hata kubadilisha mahali spika iliposimama chumbani, jambo linalobadilisha sauti kweli, kuliathiri maoni yao kidogo walipokuwa wakiona kuliko walipokuwa hawaoni. Kwa maneno mengine, macho yaliwaziba masikio. Na hawa ni watu wa kampuni ya spika! Sembuse mimi na Mwalimu na soda mkononi.

Watu wa vyombo vya muziki nao hawajaokoka. Mwaka 2010, kule Indianapolis, Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapiga fidla 21 wenye uzoefu vyombo vya kale vya Italia, vikiwemo vya Stradivari, pamoja na vipya, wakiwa wamevaa miwani ya giza. Wengi hawakuweza kutambua kipi ni cha kale, na kilichopendwa zaidi kilikuwa kipya.

Leso mbili na sarafu moja

Nikamwomba kijana wa duka ruhusa tufanye mtihani wetu. Alicheka kwanza, halafu akakubali, kwa kuwa Jumanne mchana wateja ni wachache. Ukitaka kufanya hivi hatua zetu ni hizi:

1. Tulisogeza spika zikakaribiana, mbali na kona. Spika ikiwa konani besi huongezeka, na hiyo ni kazi ya ukuta.

2. Kwenye laptopu, kwa kutumia Audacity, ambayo ni ya bure, nilitengeneza nakala mbili za kila faili, moja ikiwa imepunguzwa desibeli 4 kwa ajili ya B. Nikapima tena kwa simu mpaka zikalingana.

3. Mama mweka hazina alitoa leso zake mbili, tukazitundika mbele ya spika. Kitambaa chepesi kinapitisha sauti, lakini macho hayaoni kitu.

4. Kijana msaidizi wa duka alirusha sarafu kuamua ipi ianze, akaandika kwenye karatasi. Hata mimi sikujua. Hili ni muhimu: anayejua jibu hulitoa usoni bila kutaka.

5. Tulibadilisha haraka, sekunde chache tu. Kumbukumbu ya sauti ni fupi mno. Anayesikiliza spika duka la kwanza asubuhi, akala, kisha akaenda duka la pili, halinganishi spika. Analinganisha spika na chakula.

6. Tulitumia sauti tunazozijua: Mwalimu akisoma, kwaya yetu, na isukuti niliyoirekodi kwenye arusi ya binamu.

Raundi kumi kwa kila mtu, swali moja: ipi maneno yake ni wazi zaidi? Mwalimu alichagua A mara 9. Mama, mara 8. Mimi, niliyekuwa tayari kulipa 290,000, nilichagua A mara 7. Kiongozi wa kwaya, mara 6.

Msikimbilie kushangilia, maana sarafu nayo ina bahati zake. Ukibahatisha tu, nafasi ya kupata 9 au 10 kwenye raundi kumi ni 11 kati ya 1,024, yaani karibu asilimia 1. Kwa hiyo 9 ya Mwalimu ina uzito. Lakini 6 ya kiongozi wa kwaya haina maana yoyote, na 7 yangu siwezi kuiapia. Ninachoweza kuapia ni kwamba ile kura yetu ya nne kwa sifuri ilikufa palepale.

Halafu tukafanya mtihani wa pili, ambao kwangu ndio wenye thamani. Kiongozi wa kwaya alikuwa amenisomea maneno yanayofanana: fika, pika, shika, zika, kata, pata, taka, saka. (Jozi za p na b niliziacha. Sisi Waluhya tuna mambo yetu hapo, na sikutaka kuilaumu spika kwa makosa ya kabila :-) Mwalimu, aliyepita miaka 70, akaketi mwisho wa duka na kalamu, akaandika alichosikia. Kwa A alipata 26 kati ya 30. Kwa B, 21.

Sababu si uchawi. Irabu ndizo zenye nguvu katika maneno, lakini konsonanti ndizo zenye maana, na nyingi kati yake, kama s, f, t na sh, ni sauti nyembamba na dhaifu. Umri ukienda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba. Na besi nzito ina tabia ya kufunika sauti zilizo juu yake. Kwa hiyo ile besi iliyotuinua vitini ndiyo iliyomnyima Mwalimu zile f na sh.

B haikuwa mbaya

Niwe mkweli. Tulipocheza isukuti, tukiwa tumesawazisha kila kitu na leso zikiwa mahali pake, B ilishinda kwa wote wanne. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, na ile kubwa kwenye A ilisikika kama debe. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiandikisha mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na kiongozi wa kwaya aliona ni aibu tuipigie kwenye spika dhaifu. Alikuwa na hoja.

Lakini hapo ndipo utaona faida ya mtihani wa haki. Kabla yake tulikuwa tunabishana ipi ni "bora". Baada yake tulijua A inasema vizuri na B inapiga ngoma vizuri, na swali likawa letu wenyewe: pesa hizi zilichangwa kwa ajili ya nini? Zilichangwa kwa ajili ya wanaoketi nyuma.

Najua mtasema nini. "Kanisa si maabara." Mwalimu mwenyewe alisema hivyo. Wengine watasema kwamba kitu kizuri machoni nacho ni furaha, na kanisa la jirani wana spika ndefu. Nakubali nusu. Ukinunua spika kwa mshahara wako, ya sebule yako, nunua hata kwa sababu ya rangi, ni haki yako na nitakuja kuisikiliza. Lakini pesa ya wengi ina sheria nyingine. Mwenye pesa hayuko dukani, yuko shambani, na amekutuma masikio, hakukutuma macho.

Duka si kanisa

Tulilipa arubuni, tukaomba kuijaribu A kanisani Jumamosi kabla ya kumaliza. Nakushauri ufanye hivyo ukiruhusiwa. Duka lilijaa maboksi na makochi, vitu vinavyomeza sauti. Kanisa letu ni saruji, madirisha na mabati, na sauti inazunguka humo kama nzi. Wallace Sabine wa Harvard aligundua jambo hili miaka ya 1890 kwa kubeba mito ya viti kutoka ukumbi mmoja kuipeleka katika ukumbi mwingine usiku na kupima mwangwi unachukua muda gani kufa. Kila mto ulipunguza kidogo. Na mtu naye hufanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana kanisa tupu la Jumamosi lina mwangwi kuliko la Jumapili.

A ilifanya vizuri. Kwa zile 125,000 tulizookoa tulinunua spika mbili ndogo, tukazitundika katikati ya kanisa zikielekea nyuma, na kichanganyio cha sauti chenye uwezo wa kuchelewesha. Kuchelewesha ni lazima. Sauti hewani huenda karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo umbali wa mita 17 huchukua milisekunde 50 hivi. Umeme kwenye waya hauna subira hiyo. Usipochelewesha spika za nyuma, kila neno litafika mara mbili, na umerudi ulikotoka.

Matokeo? Vijana wanalalamika besi haitoshi, na wana haki. Saa tisa alasiri mvua ya Kakamega ikianza kupiga mabati, spika ya 165,000 na ya 290,000 ni ndugu, hakuna inayosikika. Lakini Jumapili ya pili kukhu wa karibu na mlango alinisimamisha nje. Hakuniambia sauti ni nzuri wala besi ni nene. Aliniuliza kwa nini mkutano wa kina mama umehamishwa kutoka Jumatano hadi Ijumaa. Tangazo hilo lilikuwa limesomwa dakika ishirini zilizopita, mara moja tu.

Basi ukienda dukani, beba faili zako, beba simu, beba sarafu. Na leso mbili. Muuzaji akikuambia "amini masikio yako", mjibu kwamba unakubaliana naye kabisa, kisha umwombe azifunike.

Ni hayo tu kwa leo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye mambo ya programu. Tuonane panapo majaliwa.